Saa 14 Uwanjani na Mama: Tutoke au Tukae?

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mwezi ujao nasafiri na mama yangu kwenda kwa kaka, ambaye mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza. Tiketi alikata kaka, na kwa kuwa alitafuta ya bei nafuu, tutashuka Istanbul, Uturuki, alfajiri na kuondoka jioni. Tiketi inasema tunafika 05:20, na ndege ya pili inaruka 19:10 siku hiyo hiyo. Karibu saa 14 za kusubiri.

Mama ana miaka 68. Ana presha, anameza dawa kila siku, na magoti yanamsumbua akisimama muda mrefu. Hajawahi kupanda ndege. Mimi nimepanda mara moja, safari fupi ya ndani ya nchi, kwa hiyo mambo ya kuunganisha ndege ni mageni kwangu pia.

Sasa nyumbani hakukaliki. Kaka anasema ni dhambi kupita Istanbul bila kutoka nje, na ameshanitumia orodha ndefu: misikiti, kasri, soko, meli ya kuvuka Bosphorus. Dada yangu mkubwa anasema tusithubutu hata kuusogelea mlango wa kutokea, maana tutapotea, tutaachwa na ndege, na mama atazidiwa njiani. Mama mwenyewe nikimuuliza anajibu, "Mtakavyoamua nyie, wanangu."

Shangazi, ukweli ni kwamba mimi natamani kutoka. Sijui kama nitapata tena nafasi kama hiyo. Lakini nikimtazama mama, najiona mbinafsi. Yeye atabaki kule miezi mitatu kumsaidia mkwewe. Mimi narudi peke yangu baada ya wiki tatu kwa njia hiyo hiyo.

Kaka amenitumia karatasi mbili za tiketi kwenye simu na sielewi kwa nini ni mbili. Tunahitaji viza hata kama hatutoki? Mizigo itakuwa wapi muda wote huo? Na tukibaki ndani, mtu anakaaje saa 14 kwenye viti vya uwanjani?

Msafiri Mwenye Wasiwasi

*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa mtoto.

Kaka na dada yako wanabishana juu ya jambo ambalo bado halijafikiwa. Kutoka au kukaa hakuamuliki kabla ya kujua tiketi zenu ni za namna gani, kwa hiyo anza na hizo karatasi mbili. Karibu na juu ya kila moja kuna namba ya bukingi: herufi, au herufi na tarakimu, sita kwa jumla. Zilinganishe.

Zikifanana, mna safari moja iliyogawanywa karatasi mbili. Hapo mmekaa pazuri. Mizigo kwa kawaida hupelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa hadi mkaikosa ya pili, ni jukumu la shirika kuwatafutia nyingine.

Zikitofautiana, yaelekea kaka aliunganisha tiketi mbili zisizojuana ili kuokoa pesa. Hapo mambo hubadilika. Mizigo inaweza kuishia Istanbul, na ikiishia hapo mtalazimika kupita uhamiaji, kuichukua, kisha kwenda kuikabidhi upya kwa shirika la pili. Kupita uhamiaji ni kuingia nchini, na kuingia nchini kunaweza kudai viza hata kama hamna nia ya kuona chochote. Na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwenu. Ukikuta namba mbili tofauti, mpigie kaka leo hii, muda wa kurekebisha bado upo.

Kuhusu viza: kwa kawaida abiria anayetoka nchi moja kwenda nyingine na kubaki eneo la transiti pale Istanbul, yaani sehemu ya ndani ya uwanja kabla ya uhamiaji, hahitaji viza ya Uturuki. Lakini zipo pasipoti zilizowekewa masharti ya peke yake, kwa hiyo usitegemee neno la jirani wala langu. Lipigie simu shirika la ndege, wasomee uraia ulioandikwa kwenye pasipoti, uwaulize mambo mawili: kupita tu, na kutoka nje. Wafanyakazi wa kaunta hutumia mfumo unaoitwa Timatic, wenye masharti ya kuingia na kupita kila nchi, na huo ndio utakaoamua kama mnapanda ndege au mnabaki. Mkihitaji viza ya kutoka na pasipoti yenu inaruhusu ya mtandaoni, ombeni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, evisa.gov.tr. Zipo tovuti nyingine zinazofanana nayo ambazo hutoza ada zao juu ya ada ya serikali.

(Kwa wengine mnaosoma, msidhani kila uwanja uko hivyo. Marekani haina eneo la transiti la kumkwepesha abiria uhamiaji. Hata anayebadilisha ndege tu hupita uhamiaji, kwa hiyo lazima awe na ruhusa ya kuingia au viza ya kupita. Nchi za Ulaya zilizo kwenye mkataba wa Schengen zinawataka raia wa mataifa kadhaa, yakiwemo Kongo ya Kinshasa, Somalia, Ethiopia na Nigeria, wawe na viza ya transiti hata wasipotoka nje ya uwanja. Uingereza nayo ina orodha yake. Haya huangaliwa kabla ya kulipia tiketi.)

Siku ya safari, wakati mizigo inapimwa, simama uangalie kile kikaratasi kirefu wanachokizungusha kwenye mpini wa begi. Kina herufi tatu kubwa za uwanja ambao begi linashushwa. IST ni Istanbul. Mkiona IST ndiyo ya mwisho, begi lenu halivuki pale, na mmuulize aliye kaunta kabla mkanda haujalibeba. Mkiona herufi za uwanja wa kaka, na IST ikiwa imeandikwa kama njia tu, msiwe na wasiwasi nalo. Ile stika ndogo yenye namba wanayokupa, ibandike nyuma ya pasipoti au ipige picha.

Sasa tuzihesabu hizo saa, maana kaka anapanga matembezi kana kwamba zote ni zenu. Mnatua saa 11:20 alfajiri kwa saa za Istanbul. Kushuka, kutembea ndani ya jengo lile, ambalo ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya abiria duniani, kupanga foleni ya pasipoti: weka saa moja na nusu, na kwa mwenye magoti usiweke pungufu. Uwanja uko mbali na mji mkongwe, kiasi cha kilomita 40, kwa hiyo mtafika penye orodha ya kaka kama saa 2 asubuhi. Jioni mnatakiwa muwe mmerudi uwanjani angalau saa tatu kabla ya kuruka, kwa sababu mtapita tena ukaguzi na pasipoti, na langoni wanaita watu mapema. Hiyo ni saa 10:10 alasiri. Foleni za magari za Istanbul zina sifa mbaya, hivyo mjini mtaondoka saa 8:30 mchana. Kati ya saa 14 zilizoandikwa, mjini mnabaki na saa sita na nusu, na ndani yake kuna kula, kutafuta choo na kupumzika. Tena ni baada ya usiku mzima wa kulala mmekaa.

Kwa kijana peke yake, saa sita na nusu ni nyingi na zinatosha kabisa. Kwa mama wa miaka 68 mwenye presha na magoti mabaya, aliyeshuka kwenye ndege ya kwanza maishani mwake na bado ana nyingine mbele yake jioni, mimi nasema hapana. Sikubaliani na dada yako kwamba mtapotea. Wageni hutembea Istanbul kila siku, na Turkish Airlines hutoa hata matembezi ya bure yanayoitwa Touristanbul kwa abiria wake wa kimataifa wanaosubiri kati ya saa 6 na 24. Basi linawachukua uwanjani na kuwarudisha. Kinachonizuia ni mama. Eneo la Sultanahmet, kule mji mkongwe, hutembelewa kwa miguu, kuna mawe, ngazi na foleni za kusimama, na aliye kwenye kundi hawezi kusema turudi.

Halafu lile jibu lake. "Mtakavyoamua nyie" ni la mzazi asiyetaka kuwa mzigo, na nyinyi watatu mmelichukua kama ruhusa. Kaa naye, usimuulize kama anataka kutoka. Muulize magoti huanza kumuuma baada ya kutembea kwa muda gani. Muulize ile dawa ya presha inampeleka chooni mara ngapi asubuhi. Muulize ni kitu gani anakiogopa kwenye safari hii. Huenda akakwambia anaogopa kulala mbele ya watu, au ngazi za umeme. Majibu hayo ndiyo ya kupangia siku. Na akikwambia kwa moyo wake wote kwamba anataka kuiona Bosphorus, basi mchukue, mahali pamoja tu, kwa teksi kwenda na kurudi, muwe mmerudi kabla ya saa 7 mchana. Orodha ya kaka aiweke.

Nikichukulia mnabaki, siku yenu mngeweza kuipanga hivi.

Jambo la kwanza lifanyike kabla hamjaondoka: liombe shirika msaada wa kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama, angalau saa 48 kabla ya safari. Hulipii kitu. Waambie anaweza kupanda ngazi na kufika kwenye kiti chake ndani ya ndege, ila hawezi mwendo mrefu. Wao wataandika WCHR. Wazee wengi hukataa, wanaona wataonekana wagonjwa. Mweleze kwamba kutoka mlango wa ndege hadi mahali pa kupumzikia ni mwendo wa dakika nyingi, na kwamba wanaosukuma viti wanajua njia zote, kwa hiyo na wewe hutapotea. Angalizo moja: abiria wa viti wakati mwingine huachwa sehemu ya kusubiri pamoja na wenzao. Wewe ndiye uwe unaangalia saa, na uwakumbushe ndege yenu ni ya saa ngapi.

Mkishuka, lalani. Ndani ya jengo la Istanbul kuna hoteli, na unaweza kuchukua chumba kwa saa chache badala ya usiku mzima. Hapa watu wengi huumia: hoteli hiyo ina sehemu mbili, moja ndani ya eneo la transiti na nyingine nje, baada ya uhamiaji. Asiye na viza akilipia ya nje hawezi kuifikia, na pesa huenda zikapotea. Hakikisha umechagua ya ndani, na tarehe ni ya asubuhi mnayotua, siyo ya usiku mliopanda ndege. Ukiniuliza pesa mliyookoa kwenye tiketi muitumie wapi, nitakwambia hapa. Saa tano au sita za kujinyoosha kitandani, mlango umefungwa, na kuoga kwa maji ya moto, zitamfikisha mama kwa mjukuu akiwa na nguvu ya kumbeba.

Chumba kikishindikana, uliza sebule za kulipia, zile wanazoziita launji. Nyingi humruhusu hata wa tiketi ya kawaida akilipa mlangoni, na mna chakula, viti laini na mara nyingine bafu, ila hupanga ukomo wa saa, kwa hiyo usiingie alfajiri ukadhani mtakaa hadi jioni. Hilo nalo likiwa ghali, tafuteni viti visivyo na mikono, upande wa ukuta, mbali na maduka na milango inayoita abiria. Mama alale, wewe ukae, kisha mbadilishane. Kamba ya begi lenye pasipoti ipitishe mguuni au mkononi. Tega kengele kwenye simu mbili, na kabla ya kutega hakikisha simu zote zinasoma saa za Istanbul. Bebeni kanga au shali nzito kwenye begi la mkononi, kwa sababu viwanja vya ndege vina baridi hata nje kukiwa na jua kali.

Dawa za mama zisiende kwenye begi kubwa hata kidonge kimoja. Ziwe mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake umuulize hasa saa za kumeza, kwa kuwa mtavuka majira tofauti, na umuulize kama soksi za kubana miguu zinamfaa. Kukaa muda mrefu hufanya damu ituame miguuni. Hapo ndipo vifundo huvimba, na kwa wachache damu huganda. Kila saa akiwa macho, atembee kidogo, hata kama ni kufika kwenye maji na kurudi. Avae viatu vinavyoweza kulegezwa.

Chumvi pia iangalie. Chakula cha ndege na cha uwanjani kina chumvi nyingi. Mashirika mengi makubwa hupokea ombi la mlo wenye chumvi kidogo, jina lake la kitaalamu ni LSML, mkiliagiza angalau saa 24 kabla. Chupa tupu ya maji inapita ukaguzi bila tatizo, ijazeni ndani. Mkinunua manukato au kimiminika chochote dukani, waache wakifunge kwenye mfuko wao wa plastiki na msiufungue hadi mwisho wa safari, maana kwenye ukaguzi wa mbele kinachozidi mililita 100 kinaweza kuchukuliwa mfuko ukiwa wazi. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi siku zote. Kwenye mizigo mikubwa hairuhusiwi.

Mkiamka na kula, bado mtakuwa na saa kadhaa za mchana. Waifai ya bure viwanjani mara nyingi ina kikomo, kwa hiyo pakua kabla ya safari vitu mama anavyopenda kusikiliza, na tiketi zenu zihifadhi kwenye simu na kwenye karatasi. Mkalishe penye vioo vikubwa vya kutazama ndege. Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda, kuona ndege zinavyovutwa, zinavyopakiwa na kuruka moja baada ya nyingine kunaondoa hofu kuliko maneno yoyote ya kumtuliza. Tangu saa 10 alasiri uwe unatazama ubao wa safari kila baada ya muda mfupi, kwa sababu namba ya lango huchelewa kuonyeshwa na huweza kubadilika. Usingoje kuitwa kwa kipaza sauti, viwanja vingi vikubwa vimepunguza matangazo. Mama aende chooni kabla ya kuanza safari ya langoni, siyo mkifika.

Na wewe je? Kutamani kuuona mji si ubinafsi, mwanangu. Usijilaumu kwa hilo. Ila umeniandikia jambo moja ambalo sijui kama umelitazama vizuri: unarudi peke yako baada ya wiki tatu, kwa njia hiyo hiyo. Safari ya kurudi ndiyo yako. Kwa kuwa huna wa kumsubiri wala kiti cha kusukuma, zile saa sita na nusu zitakuwa zako kweli.

Angalia sasa hivi, wakati mna mwezi mzima, unasubiri saa ngapi Istanbul ukirudi na zinaangukia mchana au usiku. Kama ni usiku au ni saa chache mno, mwombe kaka aulize gharama ya kusogeza ndege ya pili. Viza ya Uturuki, kama pasipoti yako inaihitaji, iwe inafunika tarehe hiyo ya kurudi. Ndege zote mbili zikiwa za Turkish Airlines, soma masharti ya Touristanbul na saa ambazo mabasi yao huondoka, kisha uchague safari itakayokurudisha uwanjani mapema. Zikiwa za shirika jingine, chagua sehemu mbili tu kwenye orodha ya kaka zilizo jirani, kwa mfano Hagia Sophia na Msikiti wa Sultanahmet, ambazo zinatazamana. Begi la mkononi liache sehemu ya kuhifadhia mizigo uwanjani, na pasipoti, kadi ya benki na kadi ya kupandia ndege vikae mwilini mwako. Mtumie kaka ujumbe ukitoka, na mwingine ukisharudi ndani.

Shangazi